Joto la kompyuta: hasara ya leo, mtaji wa kesho

Na Mwandishi Wetu

ILIKUWA saa saba mchana, jua la utosi, pale mpakani Rusumo. Foleni ya malori ilikuwa imenyooka hadi mlimani, madereva wamelala chini ya matela, na mimi nimesimama kando ya barabara nikisubiri ujumbe mmoja tu kwenye simu. Mteja wangu wa upande wa pili, pale Benaco, alikuwa amekubali kununua magunia 12 ya maharage. Kilichobaki ni yeye kutuma malipo ya awali na mimi kumthibitishia bei kabla hajaenda kwa muuzaji mwingine.

Simu ilikuwa mkononi tangu asubuhi. Nilikuwa nimepiga, nimepokea, nimepiga picha za mzigo na kuzituma, kisha nikaiweka juu ya boneti ya gari ikiwa inachajiwa. Nilipoichukua ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai ya maziwa. Kioo kikaandika kwamba simu ina joto kupita kiasi, kisha kikazima. Nikabonyeza, wapi! Mama mmoja muuza ndizi aliyekuwa jirani akacheka akaniambia: "Mwanangu, hiyo imechemka. Iweke kivulini iache ipumue, nayo ina roho yake."

Ilipumua kwa muda wa nusu saa. Ilipowaka tena, nilikuta ujumbe wa mteja wangu: ameshanunua kwingine. Magunia 12 yakarudi stoo, na mimi nikarudi nyumbani nikijiuliza swali ambalo pengine nawe msomaji umewahi kujiuliza: joto hili linatoka wapi, linakwenda wapi, na je, hakuna namna ya kulifanya litufae badala ya kututia hasara?

Nimelifuatilia swali hilo, na nililolikuta ni kubwa kuliko simu yangu. Katika maabara na vyuo vikuu vya Ulaya, Asia na Marekani, wapo wanasayansi wanaotaka kuligeuza joto la kompyuta kutoka takataka kuwa mali. Wengine wanalipeleka majumbani, wengine wanaligeuza umeme, na wapo wachache wanaotaka kompyuta ifanye hesabu zake kwa kutumia joto lenyewe. Wahenga walisema, ganda la muwa la jana chungu kaona kivuno. Huenda hiyo ndiyo hadithi ya joto hili.

Joto linatoka wapi?

Ndani ya kila simu na kila kompyuta kuna kipande kidogo cha madini ya silikoni, mafundi wetu hukiita chipu au prosesa. Juu yake vimechorwa vifaa vidogo mno viitwavyo transista, na kwenye simu za siku hizi idadi yake ni mabilioni. Kila transista ni kama bomba la maji lenye koki: ikifunguliwa umeme unapita, ikifungwa unakatika. Kompyuta huandika mambo yake yote kwa tarakimu mbili tu, 1 na 0, yaani koki iliyofunguliwa na koki iliyofungwa.

Sasa fikiria mtu anayejaza ndoo ya maji kila anapotaka kuandika 1, na kuimwaga chini kila anapotaka kuandika 0. Maji yaliyomwagwa hayarudi. Kompyuta nayo hufanya hivyo kwa umeme, mabilioni ya mara kwa sekunde, na umeme uliomwagwa hugeuka joto. Kwa hiyo karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hutoka ukiwa joto. Ukinunua umeme wa kuendesha kompyuta, kwa upande wa nishati umenunua jiko dogo linalojua kusoma na kuandika.

Tatizo hili si geni. Kompyuta ya ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, ilikuwa na vali za kioo zipatazo 18,000 na ilitumia umeme wa kilowati 150 hivi, hata ikahitaji mitambo yake maalumu ya kupuliza hewa. Transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell, ilipunguza joto hilo sana. Lakini kila mafundi walivyozidi kubana transista nyingi mahali padogo, joto nalo lilizidi kubanana. Mwaka 2004 kampuni ya Intel iliachana na mpango wa kutoa prosesa ya Pentium 4 yenye kasi ya gigahetsi 4, na tangu hapo watengenezaji wakageukia kuweka prosesa kadhaa ndogo pamoja badala ya moja yenye mbio kali. Kizuizi kikubwa kilikuwa joto.

Leo hali imezidi. Chipu moja ya NVIDIA aina ya H100, inayotumiwa kwa kazi za akili mnemba, inaweza kutumia hadi wati 700. Kompyuta moja yenye chipu nane za aina hiyo hufika kilowati 10, sawa na pasi kumi za umeme zilizowashwa kwa pamoja chumbani bila nguo ya kupiga. Ndiyo maana vituo vya kuhifadhia data hulipia umeme mara mbili: mara ya kwanza kuendesha kompyuta, mara ya pili kuendesha mitambo ya kuzipoza.

Mkimbizi aliyepima gharama ya kufuta

Je, hatuwezi kutengeneza kompyuta isiyotoa joto kabisa? Swali hili lilijibiwa mwaka 1961 na mwanafizikia wa kampuni ya IBM aitwaye Rolf Landauer. Wasomaji waliorudi nyumbani kutoka ukimbizini watavutiwa kujua kwamba huyu naye alikuwa mtoto wa ukimbizi. Alizaliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1927 katika familia ya Kiyahudi, na mwaka 1938 akakimbilia Marekani akiwa na umri wa miaka 11.

Landauer alionyesha kwamba kufuta habari kuna bei yake. Kila mara kompyuta inapofuta tarakimu moja, ni lazima kiasi fulani cha joto kitoke, hata kama kompyuta hiyo imeundwa na fundi bora kuliko wote. Kiasi hicho ni kidogo ajabu, na kilipimwa kwa majaribio mwaka 2012 mjini Lyon, Ufaransa. Kompyuta zetu za leo hutoa joto maradufu kwa maradufu kuliko kiwango hicho, kwa hiyo nafasi ya kupunguza bado ni kubwa. Lakini maana ya Landauer ni hii: joto halitakwisha. Palipo na kufuta habari patakuwa na joto. Basi swali la busara ni kwamba, likishatoka, tulifanyie nini?

Kuogelea kwa joto la kompyuta

Njia ya kwanza, na ndiyo iliyokwisha kuanza kazi, ni kulipeleka joto mahali linapohitajika. Mwaka 2010, chuo kikuu cha ETH mjini Zurich, Uswisi, kwa kushirikiana na IBM, kilifunga kompyuta kubwa iliyoitwa Aquasar. Jambo la kushangaza ni kwamba ilipozwa kwa maji ya moto, ya nyuzi joto 60 hivi. Msomaji atauliza: maji ya moto yanapozaje? Jibu ni kwamba chipu inaweza kufanya kazi salama hadi nyuzi joto 80 na ushee, kwa hiyo maji ya nyuzi 60 kwake bado ni baridi. Maji hayo yalipita karibu kabisa na chipu katika vijibomba vyembamba, yakabeba joto, kisha yakapelekwa kupasha moto majengo ya chuo.

Tangu hapo wengi wamefuata. Huko Odense, Denmark, joto la kituo cha data cha kampuni inayomiliki Facebook huingizwa katika mabomba ya maji moto ya mji na kupasha maelfu ya nyumba. Huko Mäntsälä, Finland, mji umekuwa ukinufaika na joto la kituo cha namna hiyo. Mwaka 2023, bwawa la kuogelea la Exmouth, Uingereza, lilianza kupashwa na kompyuta zilizofungwa katika sanduku la ukubwa wa mashine ya kufulia. Na katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, bwawa lililojengwa Saint-Denis lilipata joto kutoka kituo cha data kilicho jirani.

Bila shaka msomaji wa Ngara, Kirehe au Muyinga atasema: hayo ni ya wazungu wenye theluji. Sisi nyumba zetu zina joto la kutosha, tena la bure kutoka mbinguni. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini ina majibu mawili.

La kwanza, kwetu joto halitumiki kupasha nyumba, bali linatumika kukausha. Kahawa hukaushwa, mahindi hukaushwa, dagaa hukaushwa, majani ya chai hukaushwa. Kila mfanyabiashara wa mpakani anajua hasara ya gunia la mahindi lililoingia ukungu kwa sababu mvua ilikataa kukatika. Hewa ya nyuzi joto 50 au 60 inaweza kufaa kwa sehemu ya kazi hiyo, na joto la kiwango hicho ndilo linaloweza kupatikana kwenye kompyuta zilizopozwa kwa maji ya moto. Kituo cha data kikijengwa kando ya ghala la nafaka, jirani mmoja anaweza kumkaushia mwenzake mzigo bila kuchoma kuni hata kijiti.

La pili, joto linaweza kutengeneza baridi. Hili si hadithi za abunuwasi. Waliowahi kufanya kazi katika zahanati za vijijini wanalikumbuka friji la mafuta ya taa lililotunza chanjo: chini moto, juu barafu. Kituo cha kompyuta cha Leibniz kilichopo Garching, karibu na Munich, Ujerumani, kimetumia mtambo wa aina inayokaribiana na hiyo: maji ya moto kutoka kwenye kompyuta huendesha mashine ya kutengeneza ubaridi, na ubaridi huo unapoza kompyuta nyingine. Kwa nchi zenye jua kali na samaki wanaooza kabla ya kufika sokoni, njia hii inastahili kuangaliwa kwa macho mawili.

Umeme kutoka kwenye moto

Njia ya pili ni kuligeuza joto liwe umeme tena. Elimu yake ni ya zamani. Mwaka 1821, Thomas Seebeck, mwanasayansi mzaliwa wa mji wa Tallinn, aliunganisha metali mbili tofauti zikafanya duara, akapasha moto ungio moja na kuacha la pili likiwa baridi. Sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Yeye alidhani ameona usumaku tu, kumbe umeme ulikuwa ukipita. Tangu hapo ikajulikana kwamba penye moto upande mmoja na baridi upande wa pili, umeme unaweza kupatikana bila mashine yoyote inayozunguka.

Waliokaa kambini wanajua thamani ya betri za redio, jinsi watu walivyozianika juani ili zipate pumzi ya mwisho wasikilize habari za nyumbani. Basi katika miaka ya 1950 huko Urusi ya Kisovieti, vijiji visivyo na umeme vilitumia redio zilizopata nguvu kutoka taa ya mafuta ya taa. Mapezi ya chuma yalizungushwa juu ya chimni, joto likapanda, redio ikaimba. Vyombo vya anga vya Voyager, vilivyorushwa na Marekani mwaka 1977, navyo huishi kwa joto la madini ya plutoni linalogeuzwa umeme kwa njia hiyo hiyo, na baada ya zaidi ya miaka 45 bado vilikuwa vikileta habari duniani. Mwaka 1998 kampuni ya Seiko ilitoa saa ya mkononi iliyoendeshwa na joto la mwili wa mvaaji. Hata hapa Afrika Mashariki, majiko ya kuni ya kampuni ya BioLite yameuzwa Kenya na Uganda, yakiwa na kifaa kinachogeuza sehemu ya joto kuwa umeme wa kuendesha feni ya jiko na kuchaji simu.

Ikiwa jiko linaweza, mbona simu isijichaji kwa joto lake yenyewe? Hapa naomba msomaji ashike penseli, maana ndipo wengi watakapoibiwa.

Joto haligeuki umeme lote. Kinachofanya kazi ni tofauti kati ya moto na baridi. Chipu ikiwa na nyuzi joto 60 na hewa ya nje ikiwa na nyuzi 30, sheria za maumbile haziruhusu zaidi ya asilimia 9 ya joto hilo kugeuka umeme, hata fundi awe malaika. Vifaa tulivyonavyo hupata sehemu ndogo tu ya hiyo, tuseme moja ya tano. Simu inayofanya kazi nzito hutoa joto la wati 3 hivi. Asilimia 9 yake ni wati 0.27, na moja ya tano ya hapo ni wati 0.05. Betri ya kawaida ya simu hubeba wati-saa 15. Kwa mwendo huo, utahitaji saa 300, karibu siku 13, kuijaza mara moja, huku ukiitumia kwa nguvu bila kupumzika!

Tena kadiri jua linavyozidi ndivyo faida inavyopungua. Hewa ikifika nyuzi 40, ile asilimia 9 inashuka hadi 6, kwa sababu tofauti kati ya moto na baridi imepungua. Na juu ya yote, kifaa kinachobandikwa nyuma ya simu ili kikamate joto, hulizuia joto hilo kutoka, simu ikazidi kuchemka.

Kwa hiyo, ndugu yangu mfanyabiashara, akija mtu sokoni na kibandiko anachodai kitaifanya simu ijichaji kwa joto lake, mwulize maswali haya: tofauti ya nyuzi joto ni ngapi, na wati ngapi zinatoka? Akianza kujikanyaga, shika mfuko wako. Usikubali pia kuvinunua kwa jumla ukawauzie wateja wako, maana jina la duka likichafuka halifuliki kwa sabuni.

Hii haimaanishi kwamba njia hii haina faida. Vifaa vidogo vinavyohitaji umeme kidogo mno, kama kipimajoto kinachotuma taarifa kutoka ndani ya ghala au kwenye bomba la kiwanda, vinaweza kuishi miaka mingi kwa tofauti ndogo ya joto bila mtu kupanda ngazi kubadilisha betri.

Hesabu zinazofanywa kwa joto

Njia ya tatu ndiyo inayowashangaza hata wataalamu. Badala ya kulitoa joto nje, mbona tusilifanye lenyewe libebe hesabu? Tumezoea kwamba umeme ukipita ni 1, usipopita ni 0. Kwa nini moto usiwe 1 na baridi isiwe 0?

Kuanzia mwaka 2006, Baowen Li na wenzake waliokuwa Singapore walieleza kwa hesabu jinsi transista ya joto inavyoweza kufanya kazi: kifaa ambacho joto dogo la upande mmoja linafungua au kufunga njia ya joto kubwa. Baadaye wakaeleza pia jinsi ya kujenga milango ya kufanyia hesabu na hata kumbukumbu inayotunza habari kwa joto.

Mwaka 2017, katika Chuo Kikuu cha Nebraska mjini Lincoln, Marekani, Sidy Ndao na mwenzake Mahmoud Elzouka walitengeneza daiodi ya joto, yaani mlango unaoruhusu joto lipite kwa urahisi upande mmoja na kulizuia kurudi. Kifaa chao kilifanya kazi katika nyuzi joto zipatazo 330, mahali ambapo kompyuta ya kawaida ingekuwa imekufa zamani. Ndao ni Mwafrika, mwana wa Senegal. Wasomaji wanaojua maana ya kurudi nyumbani na kuanza upya watafurahi kusikia kwamba alirejea kwao akaanzisha chuo kikuu cha sayansi na teknolojia.

Kompyuta ya namna hiyo itamfaa nani? Si mimi na wewe wa kutuma pesa, maana joto hutembea polepole kuliko umeme. Lakini fikiria visima vya mvuke vya Olkaria, Kenya, ambavyo joto la chini linaweza kupita nyuzi 300. Kifaa cha kupimia kinachoweza kukaa huko chini na kufanya hesabu bila kuungua kingekuwa mali. Vivyo hivyo kwa chombo kinachotumwa sayari ya Zuhura, ambayo uso wake una joto la nyuzi 460 hivi.

Mwaka 2023 timu ya Yongjie Hu ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilitangaza transista ya joto isiyo na sehemu yoyote inayocheza, inayoongozwa kwa umeme, na inayoweza kufungua na kufunga njia ya joto zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde. Hii ina maana ya karibu zaidi kwetu. Ndani ya chipu joto halienei sawasawa, pana sehemu zinazoungua wakati jirani zake zimepoa. Ukiwa na koki za joto, unaweza kuliongoza kama mkulima anavyoongoza maji mferejini, lisikae mahali pamoja likaharibu.

Na lipo joto ambalo limekwisha kuajiriwa kimyakimya. Joto, kwa undani wake, ni mtikisiko wa atomi usio na mpangilio. Mtikisiko huo haukisiki, na jambo lisilokisika ni dhahabu kwa mtunza siri. Prosesa za Intel za tangu mwaka 2012 zina sehemu inayotumia mtikisiko huo kuzalisha namba za bahati nasibu, ambazo hutumika kutengeneza funguo za siri za mawasiliano kama ya benki. Sasa wapo wahandisi wanaokwenda mbele zaidi, wakitengeneza chipu ambazo mtikisiko huo unafanya sehemu ya hesabu zenyewe, hasa zile za kukadiria mambo yasiyo na hakika.

Sisi tumo wapi?

Msomaji asije akadhani haya yote yako mbali. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Nishati yaliyotolewa mwaka 2025, vituo vya data duniani vilitumia umeme wa terawati-saa 415 hivi katika mwaka 2024, na huenda vikafika 945 mwaka 2030. Tulinganishe na kitu tunachokijua. Mtambo wa umeme wa maporomoko ya Rusumo, ambao Rwanda, Burundi na Tanzania zinagawana sawasawa, una uwezo wa megawati 80. Ukizalisha kwa nguvu zote, usiku na mchana, mwaka mzima, hutoa terawati-saa 0.7. Kwa maneno mengine, kompyuta za vituo hivyo zilikula umeme wa Rusumo zaidi ya 590, na karibu wote ukaishia kuwa joto.

Vituo vya data vinajengwa Afrika pia, na vitaendelea kujengwa. Vikija, vitaomba ardhi, umeme na maji. Ni haki ya wananchi, kupitia viongozi wao, kuuliza tangu siku ya kwanza: joto lenu mnalipeleka wapi? Ni rahisi kuweka bomba la kukaushia kahawa wakati jengo linachorwa, kuliko kubomoa ukuta baadaye. Waliouliza swali hilo mapema huko Odense wanaoga maji moto. Asiyeuliza atabaki na kelele za feni.

Kwa sasa, kabla chipu za kesho hazijafika, mfanyabiashara ana la kufanya na joto alilonalo leo. Betri za simu huzeeka haraka zikikaa na joto. Watengenezaji wengi hushauri simu itumike mahali penye joto lisilozidi nyuzi 35, na betri za aina hii hazipendi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45. Usiiache juani wala juu ya dashibodi. Ikipata moto, ichomoe kwenye chaja, ivue kava, zima intaneti, iweke kivulini. Usiitie kwenye friji wala kuiweka juu ya chupa ya soda baridi, maana unyevu utaingia ndani. Ukinunua kompyuta iliyotumika, washa dakika 20 kabla ya kulipa, shika chini yake na usikilize feni: ikiunguruma kama trekta na ikiunguza kiganja, vumbi limeziba au chipu imechoka. Fundi anayejua kuisafisha na kubadilisha gundi ya joto juu ya prosesa ni wa kumtunza, na kijana aliyerudi na ujuzi huo kutoka ughaibuni au kambini ana biashara mkononi.

Mimi nilirudi Rusumo wiki mbili baadaye, na magunia yaleyale. Safari hii simu ilikaa mfukoni, chini ya kivuli cha mwembe, na mteja alikuwa mwingine. Yule mama muuza ndizi alinitambua. "Leo imepumua?" akauliza. Nikamwambia imepumua. Kando yake alikuwa ameanika vipande vya ndizi juu ya bati la moto la kibanda, vinakauka taratibu. Bati lile lile linalotufukuza ndani mchana, yeye alikuwa amelipa kazi.